Mstari Mmoja Kwenye Risiti ya LUKU: Umeme, Mito na Fedha za Umma Tangu Uhuru

Wengi wetu tunaijua ile simu ya Jumapili. Mama au bibi anapiga kutoka nyumbani, anauliza hali ya watoto, anasimulia msiba wa jirani na mvua zilizochelewa, na kabla ya kuaga anasema, "Mwanangu, umeme umebaki uniti tatu." Unatuma pesa, na baada ya dakika chache ujumbe unarudi ukiwa na tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita ya LUKU. Taa inaendelea kuwaka. Sisi tulio hapa Marekani tunalala tukijua kwamba mzee hatakaa gizani.

Siku moja binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa, alisoma ujumbe huo begani kwangu. Chini ya tarakimu palikuwa na orodha: VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3, kisha kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa humo humo. Akauliza, "Baba, huyu REA ni nani, na kwa nini anakula pesa ya bibi?"

Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali halikuniacha. Tunapoadhimisha tarehe 9 Desemba huwa tunawaambia watoto habari za bendera, Mwalimu na Mwenge. Ni mara chache tunawaambia taa za nyumbani zilitoka wapi, nani alizilipia, na mito yetu ilidai nini. Makala hii ni jibu refu la swali lile, nikitumaini litawafaa na watoto wengine wa chama chetu.

GIZA LA MWAKA 1961

Usiku wa Uhuru, Mwenge uliwashwa kileleni mwa Kilimanjaro. Chini ya mlima ule na katika nchi karibu yote, vijiji vilikuwa vikiwasha vibatari na mafuta ya taa. Umeme ulikuwapo, lakini ulikuwa mali ya miji michache, karakana za reli, migodi na mashamba makubwa. Huko Tanga, nguvu ya maporomoko ya Mto Pangani ilikuwa imeanza kutumika tangu miaka ya 1930, na mteja wake mkubwa alikuwa mkonge. Tangu mwaka 1931 biashara hiyo ilishikwa na kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Kampuni binafsi hupeleka waya mahali penye mteja wa kulipa. Mkulima wa nusu ekari ya mahindi hakuwa mteja huyo.

Serikali ya Uhuru ilianza kununua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na kufikia mwaka 1975 TANESCO ilikuwa mali ya umma kwa asilimia mia. Mwaka huo huo wa 1964 mtambo wa Hale, wenye megawati 21, ulianza kazi katika Mto Pangani. Mwaka 1968 ukafuata Nyumba ya Mungu. Baadaye nchi ikageukia Mto Ruaha Mkuu. Kidatu ilianza mwaka 1975, ikapanuliwa mwaka 1980 hadi kufikia megawati 204. Juu yake likajengwa bwawa la Mtera la kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi, na mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Hata Unguja ilinufaika, kwani mwaka 1980 waya ulipitishwa chini ya bahari kutoka Bara.

Siku hizi tunaita nishati ya namna hii nishati jadidifu, na serikali za dunia hutangaza ruzuku kwa ajili yake. Wakati ule hakuna aliyetumia jina hilo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana baada ya mwaka 1973, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mto ulikuwa unapita bure. Nchi changa ilikopa Benki ya Dunia na Sweden, ikaweka na fedha zake, ikajenga. Mikopo ile ililipwa kwa pamba, kahawa na mkonge wa wazazi wetu. Kwa hiyo mtoto akiambiwa shuleni kwamba nishati safi ni jambo jipya ambalo Afrika inafundishwa na wengine, na ajue kuwa babu yake alikuwa akiilipia kabla baba yake hajazaliwa.

Lakini historia ya kweli ina upande wake wa pili. Umeme wa Kidatu ulisafiri kwenye minara ya chuma juu ya mashamba ya watu, ukaenda Morogoro, Dar es Salaam na viwandani. Aliye chini ya waya aliendelea na kibatari. Wazee waliuliza, "Umeme unapita juu ya paa langu, mbona haushuki?" Jibu la fundi lilikuwa sahihi: umeme wa njia kuu una nguvu kubwa mno, hauwezi kuingia nyumbani mpaka ujengewe kituo cha kuupoza, kisha nguzo, kisha transfoma. Vyote hivyo ni fedha, na kwa hesabu ya biashara kijiji hakilipi. Jibu hilo lilidumu kwa miaka zaidi ya arobaini.

CHURA WALIOKWENDA NEW YORK

Kabla ya kufika kwa REA lazima tupite Kihansi, maana huko ndiko nchi ilikojifunza kwamba mto unaopita bure una gharama yake.

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa kwa poromoko refu, tofauti ya mamia ya mita kutoka juu hadi chini. Kwa mhandisi hiyo ni zawadi, kwa kuwa maji kidogo yakiporomoka kutoka juu sana hutoa umeme mwingi. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1990, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na nchi za Ulaya, Norway na Sweden zikiwamo. Mtambo wa megawati 180 ulijengwa ndani ya mwamba, na kufikia mwaka 2000 ulikuwa ukizalisha.

Mwaka 1996, kazi ikiwa tayari imeanza, watafiti waliingia katika korongo chini ya maporomoko na kukuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia hata sentimita tatu. Chura huyu hatagi mayai wala hana viluwiluwi. Huzaa watoto waliokamilika, wadogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa akiishi kwenye eneo la hekta mbili hivi tu duniani kote, mahali palipoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Tathmini ya mazingira iliyofanywa kabla ya ujenzi haikuwa imelichunguza korongo lile vya kutosha. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, sehemu kama tisa kati ya kumi za mto ziliacha kupita pale, na manyunyu yakakauka.

Mjadala ulikuwa mkali, na hadi leo wapo wanaoucheka. Nchi ilikuwa na mgao wa umeme, hospitali zikitumia jenereta, na watu wanazungumzia vyura! Ukimuuliza mzee wa Iringa au Morogoro aliyekaa gizani, si rahisi kumlaumu. Upande wa pili walisema kiumbe akishatoweka hakuna bajeti itakayomrudisha, na kwamba Tanzania ilikuwa imetia saini mikataba ya dunia ya kulinda viumbe. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Kilichofanyika kiligharimu fedha. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji katika korongo ili kuiga manyunyu ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo, Ohio. Serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi maalumu wa mazingira wa Kihansi. Mwanzoni vyura waliobaki korongoni waliongezeka, hata mwaka 2003 wakakadiriwa kufikia maelfu mengi. Halafu ndani ya miezi michache wakatoweka. Wataalamu walikuta ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Wote waliobaki duniani walikuwa Marekani.

Wale wa Bronx na Toledo walizaliana. Mwaka 2010 vyura 100 walipanda ndege kurudi nyumbani, wakapokelewa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Inasemekana hii ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa jamii ya chura aliyekwisha toweka porini kurudishwa kwao. Watoto wetu huicheka hadithi hii na kusema, "Hata vyura walikuwa diaspora!" Wacheke, lakini wajue pia kwamba vyura waliorudi walizaliwa ugenini na hawakuwa wamewahi kuiona Kihansi, na korongo likawapokea.

Matunda ya mgogoro ule hayakuishia kwa chura. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyoipa meno Baraza la NEMC, iliyofanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa ya lazima kwa miradi mikubwa, na iliyoweka mfuko wa taifa wa mazingira. Ule mradi wa Kihansi ulisaidia pia kazi ya kuandaa msingi wa sheria hiyo.

MGAO, NA WALIOONDOLEWA USANGU

Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya Mtera hadi mitambo ikasimama. Waliokuwa Dar es Salaam wakati ule wanakumbuka saloni, mashine za kusaga na viwanda vikikaa kimya mchana kutwa. Nchi ilikuwa imetegemea mvua kupita kiasi. Tayari mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilikuwa imeanza kuzalisha umeme, na kwa miaka mingi iliyofuata gesi ilibeba mzigo mkubwa. Ilituokoa, ingawa gesi ikichimbwa hairudi.

Katika hofu ile ya maji, serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu, chanzo kikubwa cha Ruaha Mkuu, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Mto ulikuwa ukikauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, jambo hilo halina ubishi. Lakini watafiti walionyesha kuwa mashamba ya mpunga na jinsi mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa navyo vilikuwa na sehemu yao. Mfugaji ndiye aliyehama, na ng'ombe wengi walifia njiani. Tunapowasifia watoto uhifadhi wa nchi yetu, tuwaambie na hili. Gharama ya kulinda mazingira nayo hubebwa na mtu, na mara nyingi hubebwa na yule asiye na sauti.

REA NI NANI

Sasa turudi kwenye risiti. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini. Ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, na Mfuko wa Nishati Vijijini. Wakala ulianza kazi mwaka 2007. Fikra yake ni nyepesi: kama kijiji hakimlipi mfanyabiashara, basi tofauti ile na ilipwe na wote. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya serikali, kwa wafadhili kama Norway, Sweden na Benki ya Dunia, na kwenye ule mstari wa kila anayenunua umeme. Mwaka 2013 ikaongezwa tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya mafuta, na miaka miwili baadaye ikawa shilingi 100.

Kwa hiyo aliyepanda bodaboda Mbagala alichangia nguzo ya Ludewa. Mama aliyenunua nyanya zilizoletwa na lori alichangia bila kujua. Na wewe unayetuma LUKU kutoka Houston au Minneapolis umechangia pia, asilimia 3 kila mara.

Mwananchi anayeunganishwa na mradi wa REA kijijini alipangiwa kulipa shilingi 27,000, sehemu ndogo tu ya gharama halisi. Wakala ulipoanza, vijiji vyenye umeme Tanzania Bara vilikuwa kama mia tano. Leo serikali inahesabu kuwa vijiji vyote 12,318 vimefikiwa, na kazi imehamia kwenye vitongoji. Neno "umefikiwa" lina ukubwa wake: mahali pengine ni shule, zahanati, mashine ya kusaga na nyumba chache za kando ya barabara. Anayeishi ng'ambo ya kijito bado anaziangalia taa kwa mbali. Hata hivyo, mkunga anayezalisha usiku chini ya taa badala ya tochi ya simu anajua kilichobadilika.

Mfuko haukuishia kwenye nguzo za gridi. Ulisaidia pia mitambo midogo na umemejua mahali ambapo nguzo zingechelewa. Mfano mzuri ni Mwenga, Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012. Huwapa umeme wanavijiji wa jirani, na unaozidi huuzwa gridi ya Taifa. Siku hizi REA inasambaza pia mitungi ya gesi kwa bei ya ruzuku, kwa sababu taa haijapunguza mkaa. Chungu cha maharage bado kinapikwa kwa kuni katika nyumba nyingi mno, na miti inayokatwa ndiyo iliyokuwa ikishika maji ya mito hiyo hiyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Yeyote aliyemwona bibi yake akikohoa jikoni anajua kwa nini.

BWAWA LA NYERERE

Mwalimu alilitamani bwawa la Rufiji tangu miaka ya 1970, lakini fedha hazikupatikana. Desemba 2018 mkataba ulisainiwa na kampuni za Misri: megawati 2,115, mitambo tisa, gharama ya shilingi trilioni 6.5, na serikali ikatangaza kuwa italipa kwa fedha zake. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024.

Eneo lenyewe lilikuwa ndani ya Selous, urithi wa dunia tangu mwaka 1982. Wahifadhi wa ndani na nje walipinga ukataji wa misitu na kuhofia wakulima na wavuvi wa delta wanaotegemea mafuriko ya Rufiji. Serikali ilijibu kuwa eneo linalochukuliwa ni sehemu ndogo sana ya pori, na mwaka 2019 ikaigeuza sehemu kubwa ya Selous kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mjadala huo haujaisha, na wanachama wetu wenyewe hawakubaliani. Mimi naona jambo moja ambalo pande zote mbili zinalihitaji. Chukua ramani umwonyeshe mtoto. Ruaha Mkuu, ukishazungusha Mtera na Kidatu, unaingia Rufiji. Kihansi unaingia Kilombero, na Kilombero unaingia Rufiji. Maji yaliyomnyunyizia chura, maji yaliyopita Usangu, yote hatimaye yanafika bwawa lile lile. Taa za nchi zimetundikwa kwenye bonde moja. Bonde likikauka, trilioni zile zitakuwa ukuta wa zege tu.

MSTARI USIOONEKANA

Ndiyo maana nimerudi tena kuitazama risiti ya mama. Nguzo ina mstari wake: REA, asilimia 3. Mto hauna. TANESCO hulipa ada ya kutumia maji kwa bodi ya bonde, na sheria ya mwaka 2004 ina mfuko wake wa mazingira, lakini mnunuzi wa umeme haoni jambo hilo mahali popote, na kisichoonekana ni rahisi kukatwa bajeti inapobana. Miaka arobaini tuliambiwa kijiji hakilipi. Tulipokubali kuchangia kila mmoja kidogo, waya ukashuka. Mlinzi wa msitu wa Udzungwa, mkulima anayeombwa asilime hadi ukingoni mwa kijito, mfugaji anayeombwa asiingie Ihefu, hao nao wanatufanyia kazi ya umeme. Wakilipwa na kuonekana kama tunavyoiona nguzo, mto utakuwa na mtetezi kila kijiji.

Miezi michache kabla ya Uhuru, Septemba 1961, Mwalimu alisimama Arusha na kuahidi mbele ya dunia kwamba serikali yake itawalinda wanyama na mapori kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu ndio hawa wanaosoma makala hii, wengine wakisaidiwa na wazazi kutafsiri. Ahadi ilitolewa kwa jina lao, na deni ni letu sote.

Basi mkienda nyumbani likizo hii, acheni mifuko ya plastiki kabla ya kupanda ndege, maana tangu tarehe 1 Juni 2019 hairuhusiwi kuingia nchini. Mkifika, msalimieni bibi, kisha mwombeni awaonyeshe ujumbe wa LUKU kwenye simu yake. Mkiuona ule mstari wa REA, mwulizeni taa yake ya kwanza iliwaka mwaka gani, na kabla ya hapo alikuwa akisomea nini usiku. Atawasimulia sehemu ya historia ambayo mimi sikuwepo kuiona.

Heri ya sikukuu ya Uhuru.